Maji ya Saba

Kwa miaka mingi nilikula nikiwa nimesimama. Sahani mkono mmoja, kijiko mkono mwingine, jicho kwenye saa ya ukutani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lodwar. Naishi Nawoitorong na shule yangu iko upande wa pili wa mji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi lazima niwe nimefunga mlango, na nikirudi ni saa kumi na moja jioni, koo limekauka kwa kupigia watoto kelele, jua limenipiga mpaka sina nguvu ya kumsalimia jirani. Nisimame jikoni saa tatu nzima nikingoja maharagwe yaive? Mimi? Nilikuwa naishi kwa chai na chapati za kununua, na siku nikijihurumia nanunua nyama robo, naikaanga haraka, naila nimesimama vilevile.

Kilichoniokoa ni kikapu, na ujuzi wake niliupata Kakuma. Kabla ya kuhamishiwa Lodwar nilifundisha kambini miaka miwili. Meza yangu katika ofisi ya walimu ilipakana na ya mama mmoja wa Kikongo, mkimbizi, mwenye watoto watano na sauti ya kuamsha mtaa. Kila siku saa saba mchana alinivuta kwake tukale. Tukifika, hakuna moto, hakuna moshi, hakuna mtu jikoni, lakini chakula kiko tayari na ni cha moto. Leo maharagwe, kesho mtama na kunde, na siku akibahatika sokoni, sombe, ambayo sisi huiita kisamvu. Nilidhani ana mfanyakazi anayejificha nikija.

Siku moja akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda kikapu kikubwa cha miyaa ya mikoma, kile kile wanachosuka mama zetu wa Kiturkana na kukiuza kando ya barabara. Ndani alikuwa amekitandika magunia na blanketi kuukuu, na katikati ya blanketi, kama mtoto mchanga, ilikaa sufuria.

"Mi na moto tunaonanaka asubuyi tu," akaniambia. "Kisha minafunika, minaenda kazi. Maharagi inajua njia yake."

Nilicheka. Blanketi, Kakuma, mahali ambapo hata mbwa hugombania kivuli cha nguzo! Lakini niliporudi nyumbani nilijaribu, na tangu siku hiyo sikumcheka tena. Kazi yenyewe ni ndogo mno. Jioni unaloweka maharagwe na mahindi. Asubuhi unamwaga maji yale, unatia mengine, unabandika kwenye meko, yachemke kwa nguvu kama robo saa hivi wewe ukioga na kuvaa. Unatupia kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta kidogo, unafunika vizuri, unaitoa sufuria ikiwa bado inatokota na kuitumbukiza ndani ya kikapu. Blanketi juu, mto wa kulalia juu ya blanketi, kwaheri. Ukirudi jioni unakuta githeri laini na mchuzi umeshikana. Sharti ni moja tu: usifungue. Ukifungua hata mara moja umetoa joto lote, na maharagwe yaliyopoa njiani hayaivi tena siku hiyo.

Nilihamia Lodwar na kikapu changu, na maisha yakawa mepesi. Kisha akaja Apa.

Apa ndivyo tunavyomwita baba. Baba yangu ni mfugaji wa upande wa Lokori, mtu mrefu, mkavu, mbishi, na ubishi wake sikuuokota njiani, nimeurithi wote. Wakati wa kiangazi kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilivimba mpaka kikang'aa. Shuka likikigusa tu, anapiga yowe. Ndugu yangu alimleta mjini akiwa amembeba mgongoni kutoka kwenye lori hadi mlangoni kwangu, na nilipoona baba yangu anabebwa, niliingia ndani kwanza nikajifuta macho ndipo nikatoka kumsalimia.

Daktari alisema ni gauti, yaani jongo. Nyama aache, maini na matumbo aache, supu ya mifupa aache kabisa. Ale nafaka, mboga na maharagwe, anywe maji mengi. Akikaidi, viungo vitaharibika na hatatembea tena vizuri. Mimi nilikuwa katikati, nikitafsiri.

"Mwambie mimi nakula majani tayari," Apa akasema. "Mbuzi anakula majani, mimi namla mbuzi."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimjua aliyesema.

Ndugu yangu akarudi Lokori, akiahidi kuja tena mvua ikinyesha. Mvua ikinyesha mbuzi huhama kufuata majani, na Apa angehama nao, ikiwa mguu utakubali. Usipokubali angebaki kwangu. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Alikuwa amemwona mwenzake wa rika moja, aliyeletwa mjini kwa ugonjwa miaka iliyopita, akiketishwa kila asubuhi kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la mwanawe na kuingizwa ndani kila jioni pamoja na bidhaa. "Mtu akikosa msimu mmoja nyuma ya mbuzi," Apa aliniambia, "hatawafuata tena." Nikamwambia atawafuata. Niliahidi kwa kinywa changu kwamba mvua ikija atatoka nyumbani kwangu kwa miguu yake miwili. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa na kikapu, basi niliona kazi imekwisha.

Jumapili ya kwanza nilikuwepo nyumbani na githeri ikaiva vizuri, ingawa Apa aligusa vijiko viwili tu akasema ameshiba. Jumatatu nilirudi kutoka kazini, nikafungua kikapu, nikakuta maharagwe magumu kama kokoto. Nikasema labda niliondoa motoni mapema. Jumanne nikachemsha nusu saa. Magumu. Jumatano nikaongeza blanketi la pili. Magumu, na si magumu tu, mchuzi ulikuwa maji matupu, kitunguu na nyanya hazina rangi wala ladha. Nikabadilisha nikapika ndengu, ambazo huiva hata ukizitazama kwa jicho kali. Zikatoka nusu mbichi.

Wiki mbili ziliisha hivyo. Kila jioni nilikuwa nabandika upya kwenye meko, nimechoka, nina njaa, na hasira zimenifika hapa. Apa alitafuna alichoweza, kisha akaisukuma sahani na kuomba chai. Alianza kukonda. Siku moja jirani mwenye huruma alimletea mbavu za mbuzi za kuchoma, akazila zote, na kesho yake mguu ukavimba mpaka kwenye kifundo. Siku hiyo nilimfokea baba yangu. Nilimwambia kama anataka kiti cha plastiki aseme nikamnunulie. Aligeukia ukuta, na neno lile naliijutia mpaka leo.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo sikulipa uzito. Mtungi wa maji wa lita ishirini, ambao naujaza kila asubuhi, jioni nilikuwa naukuta mtupu. Nilimtania: "Apa amekuwa mtu wa mjini, anaoga mara tatu kwa siku." Akaomba chai.

Jumamosi nilikibeba kikapu changu mpaka Kakuma, kwenda kumlaumu mwenyewe aliyenifundisha. Nilifika kwake nimenuna. Mama yule alikipokea, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akabonyeza magunia, akanusa, akakigeuza juu chini.

"Kapu iko muzima," akasema. "Moto unaipatia?"

"Naipatia nusu saa."

"Na kifuniko inafunga muzuri?"

"Inafunga."

"Nani anabakia na yo nyumbani?"

"Baba yangu tu."

"Haifungule?"

Nikamwambia afadhali angeniuliza kama paka anafungua. Baba yangu ni mwanamume wa Kiturkana wa zamani, hajawahi kushika mwiko tangu azaliwe, na tena hawezi kusimama. Aende jikoni kufunua sufuria, kwa mguu gani?

Mama wa Kikongo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mwalimu, weye unajua kufundisha, kuangalia haujue," akasema. "Rudia nyumbani saa yenye hakungojee."

Nilirudi Lodwar nimekasirika zaidi kuliko nilivyokwenda. Lakini Jumanne iliyofuata tangi la shule lilikauka, watoto wakaruhusiwa kwenda nyumbani mchana, na nami nikashika njia nikiwa nawaza kulala tu. Nilipoingia uani nilimwona Apa.

Alikuwa amekaa chini kwenye mlango wa jikoni, mguu mgonjwa ameunyoosha mbele. Blanketi zangu mbili na mto vilikuwa vimetupwa mchangani. Vumbini kulikuwa na mfereji mrefu kutoka mlango wa chumba chake mpaka pale, njia aliyojiburuta kwa makalio, na pembeni yake mfereji mwembamba wa mtungi aliouvuta nyuma yake. Sufuria ilikuwa mapajani mwake, ameishika kwa ncha ya shuka lake, na alikuwa anamwaga mchuzi wangu, sasa maji ya uvuguvugu tu, kwenye shina la mwarobaini.

"Apa! Unafanya nini?"

Hata hakushtuka. Aliutikisa ule mchuzi wa mwisho, akavuta mtungi, akaanza kumimina maji baridi juu ya maharagwe.

"Haya ni ya nne," akasema. "Bado matatu."

Nilitaka kupiga kelele, na mimi kelele ni kazi yangu. Lakini niliona vidole vyake. Ncha zilikuwa nyekundu, mbili zimetoka malengelenge. Nikakaa chini mchangani, mkoba wa shule ukiwa bado begani, nikamuuliza tena, safari hii taratibu.

Alikuwa mdogo, akanieleza, umri wa kuchunga wana-mbuzi, ilipokuja kiangazi kilichomaliza mifugo yao yote. Mama yake, bibi yangu ambaye sikumwona, aliwalisha kwa edung, kichaka ambacho hubaki kijani wakati kila kitu kimekufa. Mbegu zake ni chungu, na zina sumu. Mama alizichemsha tangu alfajiri, akamwaga maji, akaenda na kibuyu mtoni kuchimba mchanga mpaka yapatikane mengine, akarudi, akachemsha, akamwaga. Mara saba. Watoto walikaa kuizunguka sufuria mchana kutwa, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kabla ya maji ya saba. Mdogo wake mmoja hakuweza kuvumilia, akadokoa kwenye maji ya tatu. Alitapika siku mbili, wakadhani anakwenda.

"Mbegu inayochemshwa siku nzima ni mbegu ya njaa," Apa akasema, "na mbegu ya njaa ina sumu. Wewe huna muda wa kumwaga. Unachemsha mara moja, unaifunika na sumu yake, unakimbia kazini. Nikasema nikusaidie."

Wiki mbili nilidhani anachukia chakula changu. Wiki mbili baba yangu, ambaye kwake kula mbegu za kuchemsha ni kutangaza kwamba mbuzi wamekwisha, alikuwa akijiburuta mchangani kwenye jua la Lodwar, anajiunguza vidole na kumaliza maji, ili binti yake asile sumu. Nami nikamwambia habari za kiti cha plastiki. Nililia mbele yake bila kuficha, nikamwomba msamaha. Akaniacha nilie, kisha akauliza kama maji ya nne nayo yamwagwe au nitayabandika motoni.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Unapiga kelele sana."

Hapo nikashusha sauti, maana ni kweli.

Nilimweleza kwamba maharagwe si edung. Maji mabaya ya maharagwe ni yale ya kulowekea, nayo nayamwaga asubuhi, kisha yanachemka kwa nguvu na ubaya umekwisha. Maji ya kumwaga ni mamoja tu.

"Mamoja?"

"Mamoja, Apa."

Halafu nikamuuliza, je, akichunga mbuzi, huwapasua matumbo mchana kuona kama wameshiba? Hapo midomo yake ikacheza kidogo. Tukakubaliana kwamba kesho yake atakichunga kikapu kama anavyochunga mbuzi: atakaa karibu, atazuia maadui, na hatafungua.

Jumatano hiyo darasani nilifundisha kugawanya, na sijui kama kuna mtoto aliyeelewa, maana mwalimu mwenyewe hakuwepo. Nilirudi karibu nakimbia. Apa alikuwa kwenye kivuli cha mlango, amekalia kigoda chake kidogo cha mbao, fimbo magotini, kikapu pembeni yake. Mtungi ulikuwa umejaa nusu.

"Ejok," akanisalimia. "Hakuna aliyetoroka."

Nikaondoa mto, nikaondoa blanketi, nikafunua. Mvuke ulinipiga usoni. Githeri ilikuwa imepasuka vizuri, mchuzi mzito, mwekundu, na harufu ya kitunguu ikatoka mpaka uani. Apa alinyoosha shingo kuangalia ndani ya sufuria, akaangalia kikapu, akaangalia ile meko ambayo tangu asubuhi haikuwashwa. Akala sahani nzima. Akaongeza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa hukumu barazani, kwamba hii si mbegu ya njaa, kwa sababu mbegu ya njaa haimwachi mtu na nguvu za kubishana.

Tangu siku hiyo kikapu kilipata mchungaji mkali. Jirani akija kuazima chumvi, hakaribii. Mimi mwenyewe Jumapili nikitaka kuchungulia, fimbo ilinyooshwa. Nilipika ndengu na mchicha, nikapika mtama na kunde, nikapika mbaazi, nikachanganya na nazi ya unga niliyoletewa, na hiyo akaikataa akisema inanuka sabuni. Sikudai kila kitu kiwe kitamu. Nilidai mguu ushuke, nao ukashuka. Kwanza kifundo kikaonekana tena. Halafu kidole kikaacha kung'aa. Siku moja nilimkuta amesimama ameshika nguzo ya mlango, anaupima mguu chini taratibu, na nikarudi nyuma ya ua nisije nikamshtua kwa furaha yangu.

Mvua ilinyesha upande wa Lokori kabla haijanyesha kwetu. Ndugu yangu akapiga simu: anakuja Jumapili, mbuzi wanahama wiki hiyo, na je, mzee yukoje? Nikamwambia aje aone mwenyewe. Kusema kweli sikujua. Apa alikuwa akitembea ndani ya ua kwa fimbo, lakini kuzunguka ua si kufuata mbuzi, na sisi wote wawili tulilijua hilo, tukawa hatulisemi.

Jumamosi nilitia githeri kikapuni, nikaenda sokoni kumtafutia kikapu cha kwenda nacho. Niliporudi, jua lilikuwa limeshaanza kuelekea magharibi, na kigoda kilikuwa kitupu. Kikapu changu kilikuwa pale, kimefungwa, mto juu yake. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani. Apa hayupo.

Niliita chumbani. Nikaita chooni. Nikamuuliza jirani, naye hakumwona. Mtu mgonjwa wa mguu, bila fimbo, anakwenda wapi? Nikatoka barabarani nikiwa nimeshika kikapu kipya, nimekisahau mkononi. Ndipo nikamwona anakuja kutoka upande wa mtoni, mrefu, mkavu, shuka begani, anatembea. Hakuharakisha. Viatu vyake vya akala, vya tairi, vilikuwa vimelowa na vimeshika mchanga wa mto Turkwel. Alikuwa amekwenda mpaka majini na kurudi, peke yake, na mikono yake yote miwili mitupu.

Alinipita kama mtu anayepita mti, nikamfuata uani. Akakaa kwenye kigoda chake, akaunyoosha mguu, akauangalia.

"Bado kina moto?" akauliza.

Nilifunua. Mvuke ukapanda. Nikampakulia, nikajipakulia nami, nikasimama pale pale karibu na mlango, sahani mkono mmoja, kijiko mkono mwingine. Nilikuwa na madaftari ya darasa zima ya kusahihisha, nguo za kufua, na mgeni wa kesho. Apa alikula kidogo akaacha kutafuna. Alikuwa ananitazama.

"Mama yangu sikuwahi kumwona amekaa," akasema. "Ni mtoni na motoni, mtoni na motoni, mpaka giza. Angekuwa na kikapu hiki, angekaa."

Kisha akainuka. Kigoda cha mwanamume wa kwetu ni chake peke yake. Anatembea nacho, analaza kichwa juu yake, na tangu utotoni tulijua kwamba mtoto wa kike hakikalii. Apa akashuka, akakaa mchangani, na kwa ule mguu wa kulia, kwa kidole kile kile, akakisukuma kigoda mpaka kikagusa wangu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Githeri ilikuwa bado ya moto.